Huyu Ataishia Wapi? Chotara, Meno na Mzani wa Alizeti

CHIKU: Mbukwenyi wote huko mliko! Huku Dodoma upepo umeanza kazi yake, toka asubuhi nimefuta kioo cha simu mara tatu na bado kina vumbi. Mi ni Chiku, niko na kaka yangu Lazaro kama kawaida.

LAZARO: Mbukwa dada. Vumbi tumeshazoea bana. Nasikia una kesi na baba mwenye nyumba.

CHIKU: Kesi kabisa. Si unajua nimechukua mtoto wa mbwa kwa jirani, nimemwita Zabibu, sasa juzi baba mwenye nyumba kapita kuchukua kodi kamkuta kalala ndani ya ndoo iliyolala ubavu, akamwangalia weee halafu akaniuliza, "huyu ataishia wapi?" Mi nikajua anaulizia banda, kumbe anaulizia ukubwa. Anasema mbwa asiyevuka goti ruhusa, akivuka goti tutafute nyumba nyingine wote wawili.

LAZARO: Goti la nani? Maana yule mzee ni mrefu.

CHIKU: (anacheka) Hilo sikuuliza, na ndo nitakalojitetea nalo. Ila swali lenyewe likanikaa kichwani. Angekuwa jemani shepadi wa pande zote mbili ningefungua simu nikajibu, dume kilo 30 mpaka 40, jike 22 mpaka 32 hivi, basi. Ila huyu ni chotara. Mama yake namjua, ni wa kienyeji, yule mwekundu mwenye mkia wa kujikunja. Baba wanasema ni shepadi la nyumba ya geti jeusi.

LAZARO: Wanasema.

CHIKU: Wanasema, ndiyo.

LAZARO: Dada yangu, kwenye neno wanasema ndo mi niliachia elfu themanini. Ngoja niwaambie wasikilizaji. Miaka kama minne iliyopita, hapo naishi Chang'ombe, jamaa kaniletea mtoto wa mbwa kwenye boksi la biskuti, kaniambia huyu ni chotara wa shepadi, ana miezi miwili, ona miguu ilivyo mikubwa, huyu atakuwa simba. Na kweli nikambeba nikaona mzito, nikampeleka kumpima, kilo 7. Nikaingia kwenye simu, shepadi wa miezi miwili anakuwa kilo 7, 8, 9 hivi. Nikasema hapa nimelamba dume! Hela nikatoa bila kupunguziwa.

CHIKU: Na ndo yule Simba wa kwako?

LAZARO: Ndo yule yule Simba. Uliishamuona.

CHIKU: Kaka, yule Simba anapita chini ya kitanda.

LAZARO: (anacheka) Aliishia kilo 15 na nusu. Sasa sikiliza ilivyokuwa. Wiki mbili baada ya kumnunua nikakuta kitu cheupe kwenye mkeka, nikadhani punje ya mchele, kuokota kumbe ni jino. Nikampigia bwana mifugo mmoja nikiwa na hofu kabisa, nikijua mbwa anaumwa, akaniambia mfunue mdomo uniambie meno ya mbele yakoje. Nikafunua. Mawili ya katikati juu yalishatoka mapya, mapana, yale ya pembeni bado madogo makali kama sindano. Jamaa akacheka mpaka akakata simu. Maana mbwa anaanza kung'oa meno ya utoto ya mbele akiwa na miezi mitatu na nusu, minne. Kwahiyo yule wa miezi miwili alikuwa na miezi minne!

CHIKU: Ahaaa. Kwahiyo hakuwa mkubwa, alikuwa mzee.

LAZARO: Alikuwa mzee! Kilo 7 kwa miezi miwili ni shepadi, kilo 7 kwa miezi minne ni mbwa wetu wa kawaida kabisa wa Kongwa na Mpwapwa, wanaocheza kwenye kilo 12 mpaka 20. Ndo maana mi saivi mtu akiniletea mtoto wa mbwa siangalii miguu, naangalia mdomo kwanza. Meno ya utoto yapo 28, yanakuwa yametoka yote akikaribia miezi miwili. Ya mbele yakianza kubadilika huyo ana minne, chonge zikianza kubadilika huyo ana mitano au sita, na akifika miezi saba hivi ana meno yote 42 ya kiutu uzima. Umri ukiukosea hesabu zote zinazofuata ni uongo mtupu.

CHIKU: Mimi hapo niko salama maana Zabibu nilimuona anazaliwa, ilikuwa wiki ya Pasaka, kwahiyo wiki zake nazihesabu kwa kalenda. Na nimekuwa nampima kila baada ya wiki mbili, si unajua pale karibu na kwetu kuna jamaa ananunua alizeti, ana ule mzani wa kuning'inia. Naweka Zabibu kwenye kikapu cha ukindu, tunaning'iniza, kichwa kimechungulia nje anawaangalia watu kama mbunge kwenye gari, halafu tunatoa uzito wa kikapu. Mara ya kwanza akakojoa, jamaa akasema dada, mzigo wako una unyevu, nakukata bei.

LAZARO: (anacheka sana) Haya tupe daftari.

CHIKU: Wiki ya nane, kilo 3 na kidogo. Ya kumi, kilo 4. Ya kumi na mbili, 5. Ya kumi na nne, 6. Juzi katimiza wiki kumi na sita, kilo 7. Yaani kila wiki mbili kilo moja, kanyooka kama rula. Sasa nikaingia intaneti, kuna kikokotoo...

LAZARO: Dada, hilo neno. Mji huu umejaa wastaafu watarajiwa wenye kidonda cha kikokotoo cha pensheni, litamke taratibu.

CHIKU: (anacheka) Haya, kuna hesabu. Wanasema chukua kilo, gawa kwa wiki, zidisha kwa 52. Kilo 7 gawa kwa 16 zidisha kwa 52 inakuja 22 na robo tatu. Nikasema tumekwisha, baba mwenye nyumba anatufukuza.

LAZARO: Hapana, hiyo hesabu iache. Inadhani mbwa anakua kwa mwendo ule ule mpaka siku ya kutimiza mwaka, na hakuna kiumbe kinachokua hivyo. Angalia mtama. Mvua ikishika unapanda unauona kila asubuhi, halafu ukishatoa suke haurefuki tena, kazi inahamia kwenye punje. Mbwa ndo hivyo hivyo, anakimbia miezi ya mwanzo halafu anapunguza mwendo. Kwa wa saizi ya kati akiwa na miezi minne ameshafika nusu ya safari, kwahiyo unazidisha mara mbili tu. Zabibu ni 14, weka 15.

CHIKU: Na hiyo mara mbili ni kwa wote?

LAZARO: Sio kwa wote, na hapa ndo utamu ulipo. Wadogo wanamaliza mapema, wale wa kubebwa kwenye pochi kwenye miezi minane mpaka kumi wameshamaliza, kwahiyo kwa miezi minne wameshavuka nusu. Wa kati wanamaliza kwenye mwaka. Wakubwa kama rotwaila mpaka mwaka na nusu, na yale majitu makubwa kabisa yanakaribia miaka miwili, hayo kwa miezi minne hata nusu hayajafika. Sasa chotara hujui yuko kundi gani, ndo maana kipimo kimoja hakitoshi. Unapima mara nyingi uone lini anaanza kupunguza. Zabibu akifika miezi sita bado anaongeza nusu kilo kila wiki, mi nafuta maneno yangu.

CHIKU: Na miguu? Maana kila anayekuja kwangu anashika miguu anasema aisee, huyu atakuwa jitu.

LAZARO: Miguu inasema kitu, ila inasema kwa kunong'ona. Kuna mbwa ana viganja vikubwa basi tu. Mi naangalia juu ya kiganja, pale kama kwenye kifundo cha mkono, mguu wa mbele. Mbwa anayekua unakuta pamevimba kama kafunga fundo, pale ndo mfupa unapoongezekea. Pakishanyooka pakawa laini, urefu umeisha, kinachobaki ni kujaza nyama na kifua.

CHIKU: Zabibu anavyo vifundo, ila vidogo. Dada yake ndo balaa! Yupo mmoja wa tumbo lile lile, kachukuliwa na fundi ujenzi wa Nzuguni, yule kilo 11 saa hizi, masikio yameanza kusimama. Siku moja wamezaliwa, ziwa moja wamenyonya, inakuwaje?

LAZARO: Inaweza kuwa njia mbili. Ya kwanza, kwa mbwa ukubwa unabebwa na jeni chache zenye nguvu sana, sio kama binadamu ambaye urefu wake ni maelfu ya vitu vidogo vidogo. Mwaka 2007 watafiti waliikuta moja inaitwa IGF1...

CHIKU: Jini?

LAZARO: Jeni, dada, zile chembe za urithi, usinipeleke kwa mganga. Ina toleo la udogo na toleo la ukubwa, na mwaka 2022 wakaja kukuta lile la udogo lilikuwepo hata kwa mbwa mwitu wa miaka 54,000 iliyopita, kabla hata mtu hajafuga mbwa. Sasa jeni zikiwa chache, mtoto mmoja anaokota karata kubwa mwenzake anaokota ndogo, hasa kama mzazi mwenyewe ni chotara wa chotara.

CHIKU: Na ya pili?

LAZARO: Ya pili... mama yao akiwa kwenye joto alifungiwa?

CHIKU: Afungiwe wapi, ukuta wenyewe wa miiba.

LAZARO: Basi. Jike akipandwa na madume tofauti kwenye joto moja, tumbo moja linaweza kuwa na watoto wa baba tofauti. Inawezekana wa Nzuguni ndo wa geti jeusi, na Zabibu baba yake ni yule asiyejulikana anayelala stendi ya bodaboda.

CHIKU: (anacheka) Mtoto wangu jamani! Sasa kuna mtu alinishauri nimwekee DCP ya ng'ombe, ule unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi, kwenye ugali ili mifupa ikue, nikasita.

LAZARO: Ulisita vizuri. Chakula hakiwezi kumpitisha pale damu yake ilipoishia, kinachoweza ni kumfanya asifike. Madini ya kalsiamu yakizidi kwa mtoto, hasa wa mbegu kubwa, mifupa inakua vibaya, miguu inapinda. Wengi huku kinachowadumaza ni njaa na minyoo, ile ya mviringo mtoto anaipata tumboni kwa mama na kwenye maziwa, unamuona tumbo ngoma mbavu nje. Mpe dawa ya minyoo, ugali wake weka dagaa wa kutosha, sio maji ya dagaa.

CHIKU: Dawa alishapata mara tatu. Na chanjo ya kichaa alipotimiza miezi mitatu.

LAZARO: Safi. Basi mi nasema kilo 15, goti la mzee haligusi.

CHIKU: Mi nasema 18, namjua anavyokula. Tupime Pasaka ijayo akitimiza mwaka, aliyekosea zaidi ananunua kuku wa kienyeji, mzima, na zabibu kilo mbili.

LAZARO: Kwa mzani ule ule wa alizeti?

CHIKU: Ule ule. Jamaa kashasema tuje na kikapu kingine, kile cha kwanza kinanuka.