Kabla hujampima mtoto wa lugha mbili: mazungumzo na vijana wanaotaka kusomea spichi therapi Marekani

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya makaratasi ya spichi therapi, yaani kazi ya kusaidia wenye shida ya kuongea na lugha, kwa hiyo niyamalize mapema: unahitaji masters, digrii ya kwanza inaweza kuwa ya kitu kingine kabisa ila watakudai kozi za kujazia, halafu saa 400 za vitendo, 25 kati ya hizo unakaa unaangalia tu, kisha mtihani wa fani yenyewe unaoitwa Praxis, kisha mwanzo wa kazi unafanya chini ya uangalizi kwa wiki 36 kama ni fultaimu, na leseni ya jimbo lako. Yote yako kwenye tovuti ya ASHA, chama cha wataalamu wa kazi hii Marekani, kasomeni wenyewe.

Mimi nataka tukae kwenye kumpima mtoto, maana hapo ndipo watu wanaumizwa. Mwaka 1970 kule California kulikuwa na kesi, Diana dhidi ya bodi ya elimu ya jimbo, watoto wa familia za Kimeksiko wamepimwa akili kwa Kiingereza wakapelekwa madarasa ya wenye akili pungufu, walipopimwa tena kwa Kihispania karibu wote wakaonekana hawakustahili kuwa huko. Leo sheria inataka mtoto apimwe kwa lugha anayoiweza, ila shuleni nani anaongea Kiswahili? Wataalamu wa lugha mbili hawafiki hata 1 kati ya 10, na wengi wao ni wa Kihispania.

Sasa chukua mtoto wa miaka 6, wazazi wametoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Anasema "my mother, he is cooking". Kipimo kinamkata maksi. Lakini Kiswahili chetu hakina he wala she, ni yeye tu, kwa hiyo huyo mtoto hana tatizo lolote, anajifunza. Akisema "buku" badala ya "book" ni hivyohivyo, maneno yetu yanaisha na irabu.

Na nyie msijidai, maana najua mnachofikiria, kwamba mimi Kiswahili nakijua, nimeshamaliza. Mtoto huyohuyo atakwambia "kitabu yangu" na "batoto", na wewe wa Tanga au Zanzibar utaandika kwamba ngeli zimemshinda. Nani kakwambia? Mama yake anaongea hivyo, mtaa mzima kwao unaongea hivyo, hata Nairobi utasikia kitabu yangu kila kona. Mlinganishe na watu wa kwao, sio na mwalimu wako wa sekondari.

Mwenye tatizo la lugha kwelikweli, na wapo, karibu asilimia 7 ya watoto, linaonekana kwenye lugha zote mbili. Kwa hiyo muulize mama: ukimlinganisha na ndugu zake walipokuwa umri wake, alichelewa kuongea? Mnamwelewa nyumbani? Halafu mfundishe kitu kipya palepale, mpime tena, uone anashika haraka au la. Hiyo inakwambia mengi kuliko kile kitabu cha picha cha kipimo. Kilifi, Kenya, walishatengeneza orodha za maneno ya watoto wadogo kabisa kwa Kiswahili na Kigiriama, kazi nzuri sana, ila usichukue viwango vya Kilifi ukamhukumia mtoto wa Ohio.

Kitu kingine, na hiki kinanikera, mwalimu anamwambia mzazi aache Kiswahili nyumbani eti kinamchanganya mtoto. Hakimchanganyi. Mama anabaki na Kiingereza cha kuokoteza, mtoto anakosa hadithi, utani, hata kugombezwa vizuri.

Kwa hiyo semesta hii, kabla ya maombi ya chuo, anzeni kusikiliza watoto wasio na tatizo lolote, binamu zenu, watoto wa kanisani na madrasa, waombeni wazazi ruhusa mrekodi, muandike wanachosema neno kwa neno bila kusahihisha, na jifunzeni alama za fonetiki, zile za kuandika sauti, sasa hivi maana masters hawatawasubiri. Ambaye ana rekodi tayari tuonane baada ya chai, tuisikilize.