Msiniulize Ni Tani Ngapi: Kuipima Mashine ya Kupasulia Magogo Iliyoundwa Nyumbani

Ndugu wasikilizaji, nimeombwa nizungumzie namna ya kuupima muundo na thamani ya mashine ya haidroliki ya kupasulia magogo ambayo mtu ameiunda mwenyewe nyumbani, nami nimekubali kwa furaha, ingawa najua kwamba nusu yenu mmekwisha kunisikia nikililalamikia jambo hili hili. Kanuni ya Pascal, kwamba shinikizo linalotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote, mnaifahamu, na Joseph Bramah, aliyepata hataza ya mashine yake ya kukandamiza kwa nguvu ya maji huko Uingereza mwaka 1795, hahitaji utambulisho wangu. Kwa hiyo nitaanzia palipo na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni juu ya neno moja tu: tani, yaani nguvu ambayo silinda inalisukumia gogo dhidi ya kabari.

Sikumbuki mashine hata moja niliyoitwa kuitazama ambayo mwenyewe hakuanza kwa kunitajia tani zake. Hanielezi unene wa boriti, wala jinsi mishono ilivyochomelewa, wala mkono wake unakaa wapi kabari inapokwenda. Ananitajia tani, kama mzazi anavyotaja alama za mtoto aliyefaulu mtihani. Na tani hizo kwa kawaida hakuna aliyezipima. Zimekokotolewa kutokana na namba iliyobandikwa kwenye silinda, namba ambayo inaeleza shinikizo la juu kabisa ambalo silinda imeundwa kulihimili, si shinikizo ambalo pampu yake inalifikisha humo ndani. Ni sawa na kupima maji ya ndoo kwa kusoma ukubwa wa ndoo.

Niruhusuni nisimulie mkasa ambao baadhi yenu mmeshaukariri. Niliitwa kuitazama mashine yenye silinda ya kipenyo cha ndani cha milimita 125, pampu ya gia iliyotolewa kwenye trekta kuukuu, boriti ya chuma ya umbo la I, na kabari iliyosimamishwa mwisho wa boriti juu ya bamba nene. Ilikuwa imepakwa rangi nyekundu, na ubavuni imeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa herufi kubwa: TANI 30. Hesabu ya mwenyewe haikuwa na kosa la kuzidisha. Eneo la pistoni ni takriban sentimita za mraba 123. Silinda imeandikwa baa 250. Na kwa kuwa baa moja ni karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba, jawabu ni tani 30 na ushei. Nikamwomba nifunge geji ya kupimia shinikizo kati ya pampu na vali ya kuongozea mafuta, tukaiacha fimbo ya pistoni ifike mwisho wa safari yake na kuendelea kusukuma, ili tuone ni shinikizo gani linaloifungua vali ya usalama, ile inayoyarudisha mafuta tangini shinikizo likizidi kiwango kilichowekwa. Sindano ikasimama kwenye baa 140 na haikusogea tena. Hizo ni tani 17.

Alinyamaza kwa muda, kisha akafanya jambo linalonifanya niusimulie mkasa huu kila ninapopewa kipaza sauti: alichukua spana, akaelekea kwenye vali ya usalama ili aikaze. Dakika kumi kabla ya hapo alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba kwa miaka mitatu hajakutana na gogo lililoishinda mashine hiyo. Yaani kwa miaka mitatu tani 17 zilimtosha kwa kazi yote aliyokuwa nayo, lakini namba iliyo ubavuni ilipomwaibisha, aliona ni afadhali kuibadilisha mashine kuliko kuyabadilisha maandishi.

Nilimshika mkono, nikampeleka kwenye bamba linalobeba kabari. Rangi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele uliofuata mshono wa kuchomelea, upande unaolitazama gogo. Rangi haina sababu ya kupasuka juu ya mshono mzima. Nikaikwangua kwa ncha ya kisu, na ufa ukaendelea ndani ya chuma. Kazi hiyo ilifanywa na tani 17, na huyu bwana alikuwa tayari ameshika spana ili aziongeze ziwe 30.

Naomba tuelewe ni kwa nini pale ndipo palipopasuka, kwa sababu hapa ndipo muundo unapopimwa. Kani haipiti ndani ya boriti. Inapita juu yake, kwenye mstari wa silinda, na tuseme mstari huo uko sentimita 20 juu ya kitovu cha boriti. Silinda inasukuma upande mmoja, kabari inasukumwa upande wa pili, na boriti iliyo chini yao inavutwa na kupindwa kwa wakati mmoja. Nguvu ya kupinda ni kani mara umbali huo: tani 17 kwa sentimita 20 ni tani-mita 3.4, na tani 30 ni tani-mita 6. Bamba la kabari lililoshikwa na mshono mmoja tu miguuni linang'olewa kama msumari unavyong'olewa kwa nyundo yenye makucha. Ndiyo maana ninataka kuona boriti ikiendelea nyuma ya kabari, pamoja na vipande vya pembetatu vinavyoliegemeza bamba kwa nyuma. Kadiri silinda inavyoinuliwa ili gogo nene likae vizuri, ndivyo boriti inavyopaswa kuwa imara zaidi, ingawa wengi huinua silinda na kuiacha boriti ileile.

Najua kuna anayesubiri kuniambia kwamba miti haifanani, kwamba yako magogo yaliyosokotana na yenye mafundo ambayo hayapasuki bila nguvu kubwa. Ni kweli, nami sijasema nguvu haina kazi. Lakini itazame geji wakati wa kupasua. Kwenye gogo lenye nyuzi zilizonyooka, sindano huruka kabari inapouma, kisha huanguka mara moja, kwa sababu ufa hukimbia mbele ya kabari na kinachobaki ni kuvisukuma vipande viachane. Kwenye gogo lenye mafundo sindano hubaki juu, na hapo, kabla ya kununua silinda kubwa, itazame kabari: kabari butu na nene kuanzia ncha hudai kani ambayo kabari yenye pua nyembamba inayopanuka baadaye haiidai kamwe. Na gogo likikataa katikati, limenye pembeni, kipande baada ya kipande.

Tena silinda kubwa ina gharama ambayo wauzaji wa tani hawaitaji. Ile ya milimita 125, ikiwa na safari ya sentimita 60, inahitaji zaidi ya lita 7 za mafuta ili fimbo itoke yote; ya milimita 100 inahitaji chini ya lita 5. Kwa pampu ya lita 20 kwa dakika, ya kwanza inatumia sekunde 22 na ya pili sekunde 14, kwenda tu, bila kurudi. Mtu akitaka mwendo kwa kuongeza pampu, ajue kwamba lita 20 kwa dakika kwenye baa 200 zinadai karibu kilowati 7 hata kabla ya kuhesabu upotevu. Dawa ni pampu ya hatua mbili, inayotoa mafuta mengi wakati shinikizo ni dogo, kisha hupunguza wingi wa mafuta kabari inapokutana na ukinzani. Mashine iliyoundwa nyumbani yenye pampu ya namna hiyo na silinda ya wastani hunionyesha kwamba aliyeiunda alifikiri kabla ya kuchomelea.

Naona mwenyekiti anaitazama saa, kwa hiyo mengine nitayapitia mbio, na suala la tangi na ubaridi wa mafuta nitaliacha kabisa. Bomba la kufyonza liwe pana na fupi, kwa kuwa pampu inayolia inakunywa hewa. Wenzo wa vali urudi katikati wenyewe mkono unapouachia wakati kabari inakwenda mbele. Mtu aliyeufunga kwa waya ili apate mikono yote miwili ameshusha thamani ya mashine yake, kwangu mimi, hadi sifuri. Na tundu dogo kwenye mpira wa mafuta lisitafutwe kwa kiganja, bali kwa kipande cha kadibodi, kwani mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana kama la sindano huhitaji upasuaji wa haraka.

Imebaki thamani. Ninapoombwa niikadirie, kwanza ninaifungua mashine kichwani: injini, pampu, silinda na vali ninazihesabu kama vipuri vilivyotumika, kwa sababu hivyo vinaweza kufunguliwa na kufungwa kwingine. Fremu ninaihesabu kwa uzito, kama chuma chakavu, mpaka mishono yake inishawishi vinginevyo. Saa ambazo fundi alizitumia sizihesabu, na hapo ndipo ninapopoteza marafiki. Yule bwana wa mashine nyekundu alikasirika nilipomtajia kadirio langu, na kwa miezi kadhaa hakunisemesha. Kisha akaniita tena. Alikuwa amekata bamba la zamani, ameirefusha boriti, ameweka pembetatu mbili nyuma ya kabari na kuchomelea mishono ambayo hata mimi sikuona la kusema. Nikafunga geji. Sindano ilisimama palepale, kwenye 140, na ubavuni, kwa rangi nyeupe aliyoipaka upya, bado pameandikwa TANI 30.