Lisbon kwa Miguu Siku Moja: Kupanda Si Kazi, Kazi Kushuka

Haya shemeji, kamera inaenda? Inaenda. Karibuni jamani. Leo tunaizunguka Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa miguu kutwa nzima, na magoti yarudi nyumbani salama. Mnaonifuata mnajua nauza hivi vibegi vya kitenge vya kuvaa kifuani. Leo mtaviona vikiwa kazini.

Viatu: raba yenye soli inayoshika. Ndala acha hotelini. Maji, kofia, twende.

Tunaanza Praça do Comércio, uwanja huu unaotazama mto Tagus. Fika saa mbili asubuhi, kabla watu wa meli za kitalii hawajamwagika. Hapa palikuwa na kasri la mfalme, mpaka tarehe 1 Novemba 1755 lilipopiga tetemeko, maji yakafuata, halafu moto. Hii mitaa iliyonyooka nyuma yangu ilijengwa upya baada ya hapo, waziri wa mfalme, Marquês de Pombal, akisimamia. Lile kasri likumbukeni, tutakutana nalo huko juu.

Kwenda Kanisa Kuu, wenyewe huliita Sé, fuata reli za tramu kupandisha. Lilianza kujengwa baada ya mfalme Afonso Henriques kuuteka mji kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, na ukilitazama minara yake utadhani ni ngome. Piga picha, songa... Shemeji, ukutani! Ukutani! Mmeona hiyo? Samahani kwa picha kutikisika. Hiyo ndiyo tramu nambari 28. Mtaa mwembamba, dereva hana pa kukukwepea. Ukisikia kengele jibanze kwanza, picha baadaye. Ndani yake nako hujaa, na vibaka wanaipenda kuliko watalii, ndiyo maana kibegi kinakaa mbele, zipu ikigusa mwili. Ukikivaa mgongoni umewagawia.

Hapa Santa Luzia, baraza la kutazamia mji, tukae kidogo. Chini yenu ni mapaa ya mtaa wa Alfama na mto. Kila mtu anautazama mto, nyinyi geukeni nyuma. Kwenye ukuta wa nje wa kanisa kuna vigae vyenye michoro ya buluu na nyeupe. Shemeji, sogea, ondoa kivuli chako. Haya, mchoro huu ni wa ule uwanja tulioanzia, kabla ya tetemeko. Kasri lenu hilo. Na kigae kingine kinaonyesha vita vya 1147 pale kwenye ngome ya São Jorge. Ngome yenyewe iko hapo juu, ina kiingilio. Ukiwa na watoto ingia, watafurahia kuta.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tunashuka Alfama. Haya mawe meupe madogo ya chokaa yamesuguliwa na nyayo miaka na miaka, yanateleza kama sahani ya biriani isiyooshwa. Sogeza kamera hapa chini: yanavyong'aa katikati ya njia, na yanavyokwaruza huku pembeni. Pita pembeni. Hatua fupi, goti lilegee, mkono uwe huru kushika bomba la ngazi. Simu mfukoni! Penye ngazi tumia ngazi, hata kama mteremko unaonekana mfupi. Mvua ikinyesha, hata manyunyu, usishuke kabisa, kunywa kahawa usubiri. Narudia: pembeni, hatua fupi, simu mfukoni. Shemeji anacheka, na ndiye kavaa viatu vya... haya, si nilisema? Uko sawa? Kamera iko sawa? Tuendelee. Pembeni, shemeji.

Tumefika chini. Karibu na uwanja wa Rossio ingieni kanisa la São Domingos. Liliungua mwaka 1959, na nguzo zake wameziacha vilevile, zimepasuka na kumeguka. Mimi nalipenda kuliko Kanisa Kuu. Nje, huu uwanja mdogo ni kijiwe cha Waafrika, wengi wa Guinea-Bissau. Salimia watu.

Lifti ya Santa Justa, ya mwaka 1902, mita 45 za chuma, ni nzuri kuitazama kutoka chini. Foleni yake siipangi. Panda Calçada do Carmo kutoka Rossio utatokea kwenye magofu ya Carmo, kanisa lililopoteza paa mwaka ule ule wa 1755 na mpaka leo liko wazi juu.

Mwisho mtaa wa Belém. Kwa miguu ni kama kilomita sita kandokando ya mto, tambarare. Miguu ikigoma, tramu 15E inatokea Praça da Figueira. Jumatatu usije, monasteri ya Jerónimos hufungwa. Ukiingia kanisani, kushoto kwako amelala Vasco da Gama wa jiwe, viganja vimekutana kama anaomba, na ubavuni mwa kaburi imechongwa jahazi yake yenye tanga. Huyu mwaka 1498 Mombasa haikumpokea vizuri, Malindi wakampa mwongoza chombo wa kumfikisha India. Na leo mpwani mwingine anawaongoza watu kuja kwake, bure!

Njaa? Duka la Pastéis de Belém lipo tangu 1837, linauza vitobosha vya maziwa na mayai. Nyunyiza mdalasini, na kula cha moto. Foleni ya nje ni ya kubeba, kukaa pitia ndani.

Kurudi ni 15E hiyo hiyo. Vibegi: vya buluu vimekwisha, vyekundu na vya manjano vipo, niandikieni chini hapo.