Mwenye Kichanga Hana Miguu
(Mhadhara kwa wazazi na vijana, Newala)

Shikamooni wazee wangu. Wanangu, hamjambo?

Simulizi yetu Wamakonde mnaijua. Mwanamume wa kwanza alichonga mwanamke kwa mti, kulipokucha akamkuta yu hai. Wakakaa karibu na mto, mtoto wao akazaliwa mfu. Wa pili vilevile. Wakapanda huku juu, na wa tatu akaishi. Wasimulizi hulipita haraka jambo moja: yule mama aliyaacha maji ili mwanawe aishi. Tangu hapo mama zetu wamekuwa wakiyafuata bondeni.

Wazee mnakumbuka. Mvua ikinyesha huku juu, mchanga wetu huimeza yote, na maji huja kutokea chini kabisa, kwenye miteremko. Mama yangu aliamka jogoo la kwanza, akashika ngata yake, akashuka gizani na wenzake. Kushuka si neno. Kupanda na ndoo kichwani, mdogo wangu mgongoni, hapo ndipo penye kazi! Kiangazi walipangana foleni kisimani, akafika nyumbani jua limeshawaka, shingo imekakamaa. Hata hivyo ndoo aliitua polepole, tone lisimwagike.

Sasa nisikilizeni, maana hili ndilo lililonileta. Kabla hatujanywa, aliteka maji kwa kata, akanipa nimpelekee jirani aliyejifungua. Nilinuna. Nilikuwa na kiu, na maji yalikuwa yetu. Akaniambia, "Mwanangu, mwenye kichanga hana miguu." Basi, hakuongeza neno. Nikaenda. Niliporudi nilikuta kikombe changu kimejaa, chake nusu.

Nimekuja kukielewa kile kikombe cha nusu nikiwa na watoto wangu. Sisi ukoo tunaufuata kwa mama, na tunaringa kwa hilo. Lakini ni wangapi tumewahi kumwambia mama asante kwa maji tu?

Mimi nilichelewa sana. Leo bomba lipo uani kwake, na bado akinawa miguu husimama penye shina la mpapai, maji yasipotee bure. Nilimkuta hapo mwaka jana. Nikamkalisha mkekani, nikamwambia: mama, asante kwa yale maji, na unisamehe nilivyonuna.

Alinitazama kidogo, kisha akaniuliza yule mtoto wa jirani siku hizi anaishi wapi.