Nani Hutangulia Kwenye Tope: Mikoko, Maji na Zamu ya Kuota

Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa chini kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja.

Nimekuja na vitu vitatu ndani ya kikapu, na naomba mpokezane mpaka vimfikie wa mwisho. Hiki kirefu cha kijani ni mche wa mkoko, mmoja wa miti ya tope la bahari ambayo yote kwa pamoja tunaiita mikoko. Utazameni vizuri: haukuwahi kuwa mbegu kavu ya kusubiri mvua. Ulichipua ukiwa bado umening'inia kwa mama yake, ukarefuka huko huko juu, ndipo ukaanguka. Hiki kidogo, bapa kama harage pana, ni mbegu ya mchu. Ganda lake la nje limeshaanza kubanduka, na ndani majani mawili ya kwanza yamekunjwa tayari. Na hili dude la mviringo ni tunda la mkomafi. Likipasuka, ndani mna mbegu kubwa zenye pembe zilizopangana hata sindano haipiti. Zitoe, kisha jaribu kuzirudisha kama zilivyokuwa. Utashinda hapo mpaka magharibi.

Nimeanza na hivi kwa sababu swali letu la leo ni hili: tope likiwa tupu, nani hufika kwanza, na nani humfuata?

Kwa miaka mingi jibu lililofundishwa lilikuwa moja. Mwaka 1940, John Henry Davis alichapisha kazi yake kuhusu mikoko ya Florida, kule Marekani. Alieleza kwamba mkoko wa mbele hutangulia baharini, mizizi yake hunasa matope, ardhi hupanda, kisha mti wa aina nyingine hushika nafasi, na mwingine tena, hadi mahali pale panakuwa nchi kavu. Kwa hesabu hiyo, ukitembea kutoka ufukweni kuelekea bara unakuwa unatembea ndani ya wakati. Kwa miti yetu: mlilana, wa upande wa baharini, ni jana, mkoko ni juzi, mkandaa, wa nyuma yao, ni zamani kabisa. Ni maelezo mazuri. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo, na nikawafundisha wengine hivyo hivyo.

Lakini Frank Egler aliyapinga mwaka 1952, huko huko Florida. Na mwaka 1967 Bruce Thom, akifanya kazi kwenye delta ya Tabasco, Mexico, alionyesha kwamba mito na bahari ndiyo inayojenga ardhi na kuibomoa, na kila mti hukaa pale ambapo hali imeshamfaa. Mti haungojei mwenziwe amtengenezee njia. Ninasimama upande huo, na ushahidi wangu ni mchu wetu wa hapa Kwale, pwani ya Kenya.

Wavuvi wa ghuba ya Gazi mtanisahihisha nikikosea. Ukiingia na mtumbwi unakuta mchu mrefu upande wa baharini. Halafu unapita mkoko, unapita muia na mkandaa, ukikaribia nchi kavu unakuta nini? Mchu tena! Huu wa nyuma ni mfupi, umedumaa, lakini ni mchu yule yule. Sasa kama safu za miti ni ngazi za wakati, mchu atakuwaje wa kwanza na wa mwisho kwa pamoja? Mti wa mbele si babu wa mti wa nyuma. Ni majirani tu, kila mmoja amepewa kiwanja chake na maji.

Na maji yana ratiba. Nyinyi mnaijua kuliko mimi: bamvua, yaani maji makubwa, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katikati maji mafu, yaani madogo. Mlilana unaoshwa kila siku, mara mbili. Mkoko vivyo hivyo, kwa kina pungufu kidogo. Lakini kule nyuma maji hufika wakati wa bamvua tu, yanatuama, jua linayakausha, chumvi inabaki. Ndiyo maana kuna wangwa, ile sehemu nyeupe isiyoota kitu. Pembeni ya wangwa anayeweza kuishi ni mchu, kwa sababu anatoa chumvi kupitia majani. Chuma jani lake asubuhi kabla ya mvua, lilambe upande wa juu. Utaonja bahari. Mwaka 1928 mwana-misitu aitwaye Watson, kule Malaya, Malaysia ya leo, aliigawa misitu ya mikoko kwa madaraja kufuata mara ngapi maji yanaifikia kwa mwezi. Karibu miaka mia imepita na bado hilo ndilo jambo la kwanza ninalopima nikifika mahali.

Baada ya maji anakuja mlaji. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna jaribio dogo ambalo kijana yeyote wa sekondari anaweza kulifanya. Chukua miche ya mkandaa, ifunge kila mmoja kwa uzi wa mita moja, uzi uufunge kwenye kijiti, kisha uondoke. Nilipolifanya mara ya kwanza nilirudi kesho yake maji yakiwa yamekupwa. Nyuzi zilikuwepo zote, zimenyooka, na kila moja imezama ndani ya shimo la kaa. Nilivuta mmoja, ukavutwa kutoka upande wa pili. Nilikaa pale na magoti yangu kwenye tope nikishindania mche na kaa nisiyemwona. Tafiti zilizofanyika Gazi miaka ya 1990 zilikuta kaa hawa wanakula sehemu kubwa sana ya miche inayoanguka, hasa upande wa nchi kavu, na tondo, konokono wa mikokoni, naye anakula ya kwake. Kwa hiyo mti kuota mahali hakutegemei tu kama mbegu ilifika. Inategemea nani alikuwa ameshafika kabla yake, na kama ana njaa. Ila msimchukie kaa. Mashimo yake ndiyo yanayoingiza hewa na maji safi kwenye tope, na majani anayoyaburura chini ndiyo mbolea.

Sasa tuje kwenye jeraha letu. Miaka ya 1970 sehemu za msitu wa Gazi zilikatwa zote kwa ajili ya kuni za viwanda. Wazee waliopo hapa waliuona. Mtu angetarajia kwamba msitu utarudi wenyewe, maana bahari ipo na mbegu zipo. Lakini sehemu hizo zilibaki uwanda mtupu mwaka baada ya mwaka. Kwa nini? Mkoko ukikatwa shina hauchipui tena. Mchu na mlilana huchipua kwenye kisiki, mkoko hapana; wakata boriti wote wanalijua hilo. Tope lililozoea kivuli likapigwa na jua, chumvi ikapanda. Na miche iliyoletwa na maji ilikosa mzizi wa kuikamata, ikaondoka na maji yale yale.

Kuanzia 1991, watafiti wa taasisi yetu ya uvuvi na bahari, KMFRI, wakiongozwa na James Kairo, walipanda upya pamoja na wanakijiji. Walipanda mkoko, mlilana, mchu. Na hapa ndipo linapotokea jambo ninalolipenda kuliko yote katika somo hili. Miaka michache baadaye, chini ya miti iliyopandwa, ilianza kuonekana miche ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Muia, mkandaa na wengine wakaingia wenyewe. Jared Bosire na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 2003. Na uwanda wa jirani ambao haukupandwa kitu ulibaki mtupu.

Kwa hiyo Davis hakukosea kila kitu. Kufuatana kupo. Mti wa kwanza kweli unaweza kumfungulia mlango yule wa pili: kivuli chake kinapoza tope, mizizi yake inakamata miche, kaa wanarudi na kuchimba. Alichokosea ni kudhani kwamba mfuatano huo unakwenda njia moja na unaishia nchi kavu. Unakwenda pale maji yanaporuhusu, na maji yanaweza kuufuta. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi sana katika hori, yaani mkono wa bahari, la Mwache, Mombasa, ukafunika mizizi, mikoko ikafa imesimama. Udongo ule ule ambao nadharia ya zamani iliuita mjenzi.

Na mimi nilishirikiana na watu, sitawataja, tukapanda maelfu ya miche kwenye uwanda wa mbele karibu na nyasi bahari, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mkoko. Tulichagua pale kwa sababu palikuwa wazi na hapakuwa na mgogoro na mtu. Siku ya kupanda palipendeza sana. Msimu wa upepo wa kusi ulipopita, nusu ilikuwa imeng'olewa, na iliyobaki ilifunikwa na vile vidudu vyenye magamba makali vinavyoganda chini ya ngalawa, mpaka miche ikainama na kuvunjika. Baada ya mwaka sikukuta hata mmoja. Hatukuwa peke yetu: Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004 walipanda sana, na uchunguzi uliochapishwa 2017 ulipitia maeneo 23 ukakuta tisa hayana hata mche mmoja ulio hai.

Nimeombwa nishauri kuhusu ile sehemu iliyokatwa nyuma ya kijiji, kama tuchangishe fedha za vitalu. Bado. Kwanza nataka kujua maji yanafika wapi, na kama lile tuta la njia ya gari limeyazuia. Kama limeyazuia, fedha za kwanza ziende kwenye kalavati. Robin Lewis kule Florida alirudisha misitu mikubwa kwa kurekebisha mwinuko wa ardhi na kuacha maji yalete mbegu yenyewe. Kama maji yanafika lakini miche haikai, hapo ndipo tutapanda, na tutaanza na mti ambao tayari unaota kwenye kimo hicho hicho upande wa pili wa hori.

Jumamosi ni bamvua. Nimeleta vijiti arobaini vilivyopakwa chokaa. Tutavisimika maji yakiwa yamekupwa, kisha tungoje yajae, na kila kijiti chokaa itakapolowa tuandike saa na kina. Wazee wawili wanaokumbuka msitu ulivyokuwa kabla ya kukatwa naomba tuongozane. Vaeni viatu vya kufunga, visiki vya mchu vinachoma.