Jinsi ya kufunga mtandao wa nyumbani kwa kutumia ruta

Habari zenu, karibuni. Leo tunafunga mtandao wa nyumbani kuanzia mwanzo, mpaka kompyuta, simu na printa zote zionane. Hapa mezani nina modemu, kifaa kinacholeta intaneti kutoka kwa kampuni, ruta, inayoigawa kwa vifaa vya nyumbani, na waya mbili za mtandao. Kalamu na daftari viweke karibu, kuna mambo utayaandika.

Geuza ruta utazame nyuma. Hili tundu lililojitenga, ambalo mara nyingi huwa na rangi yake, limeandikwa WAN, yaani upande wa intaneti ya nje. Kwenye ruta nyingine utakuta Internet. Haya manne ni ya LAN, yaani vifaa vya humu ndani. Waya kutoka kwenye modemu unaingia WAN. Ukiuchomeka kwenye LAN utaona taa zinawaka vizuri, simu inashika Wi-Fi, lakini kurasa hazifunguki.

Kabla ya kuchomeka, zima modemu kabisa, chomoa na umeme. Kuna modemu zinazokumbuka kifaa cha mwisho kilichounganishwa nazo, na zisipozimwa hukigomea kipya. Subiri kama dakika moja. Unganisha waya, washa modemu, ngoja taa zake zitulie, ndipo uwashe ruta. Usikimbilie.

Waya wa pili utoke LAN yoyote uingie kwenye kompyuta. Kwa kompyuta hiyo ndipo tutapanga ruta. Najua simu ingeweza kufanya kazi hii, lakini muda si mrefu tutabadilisha jina la Wi-Fi, na ukiwa umeingia kwa Wi-Fi hiyohiyo utatupwa nje katikati ya kazi. Waya haukutupi.

Sasa fungua kivinjari. Pale juu kabisa, kwenye sehemu ya anwani, andika 192.168.1.1 kisha bonyeza Enter. Ruta nyingine hutumia 192.168.0.1, yako imeandikwa kwenye stika chini ya ruta. Kama stika imefutika na unatumia Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ipconfig, utafute mstari wa Default Gateway. Namba iliyo mbele yake ndiyo anwani ya ruta.

Ukurasa utakuomba jina na neno la siri, na yote mawili yapo kwenye stika. Hapo tusimame kidogo, kwa sababu ndipo watu huchanganya. Ruta ina maneno ya siri mawili. Moja ni la kuingia kwenye Wi-Fi, hilo utampa hata mgeni. La pili ni la kuingia hapa kwenye mipangilio, na hilo hapewi mtu. Wengi hubadilisha la Wi-Fi, hili la pili wakaliacha admin na admin kama lilivyotoka kiwandani. Basi yeyote uliyempa Wi-Fi anaweza kuingia humu na kukufungia nje ya ruta yako mwenyewe. Libadilishe sasa hivi, kabla ya kugusa kitu kingine, uliandike kwenye daftari. Ukilisahau, dawa ni moja: chukua kijiti chembamba, bonyeza kitufe cha Reset ndani ya kile kitundu kwa sekunde 10 hivi. Ruta itarudi kama ilivyotoka kiwandani na utaanza upya yote haya.

Humu kwenye mipangilio, twende sehemu ya Internet au WAN. Kwa walio wengi, chaguo la ruta kupata anwani kiotomatiki linatosha. Kama kampuni yako ya intaneti ilikupa jina la mtumiaji na neno la siri, chagua PPPoE, njia ya kuunganisha inayodai hayo mawili, uyaingize pale.

Haya, Wi-Fi. Jina weka lolote, ila si jina lako kamili wala namba ya nyumba. Majirani wote wanalisoma. Kwenye usalama chagua WPA3, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi kuliko WPA2. Kama una simu ya zamani isiyoielewa, chagua ile inayochanganya WPA2 na WPA3. Ukiona WEP, ulinzi wa zamani, ipite; ilishavunjwa miaka mingi. Neno la siri linakubali herufi 8 hadi 63. Weka sentensi fupi ambayo watu wa nyumbani wataikumbuka, na usibanie urefu.

Humohumo tafuta WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN bila neno la siri, uizime. PIN yake ina tarakimu 8, unaweza kudhani mwizi ana kazi ya kubahatisha mara milioni 100. Lakini ruta huikagua nusu kwa nusu, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuimaliza. Udhaifu huu ulitangazwa mwaka 2011, na bado kitufe hicho kipo kwenye ruta nyingi.

Utaona pia masafa mawili. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta. Gigahezi 5 ina kasi zaidi ila huchoka upesi ikikutana na ukuta. Washa zote mbili. Kama mna majirani wengi, kwenye 2.4 jaribu chaneli (vijia ndani ya masafa) 1, 6 au 11, kwa kuwa hizo haziingiliani.

Hifadhi, kisha uhamishe ruta. Iweke katikati ya nyumba, juu ya kabati kuliko chini ya meza, mbali na maikrowevu, ambayo nayo hutumia mawimbi ya karibu gigahezi 2.4. Nyuma ya televisheni panapendeza kwa kuficha waya, ila mawimbi yatalalamika.

Imebaki printa. Iunganishe na Wi-Fi kama ulivyounganisha simu. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua mipangilio ya mtandao uliounganishwa uchague Private badala ya Public, la sivyo vifaa vingine vitashindwa kuiona kompyuta yako. Kisha rudi kwenye ruta, sehemu ya DHCP. Huko ndiko ruta inakogawia vifaa anwani, na anwani moja inaweza kukipa kifaa hiki leo, kesho ikakipa kingine. Ndiyo maana printa hupotea ghafla wakati hakuna aliyeigusa. Itafute kwenye orodha ya vifaa, bonyeza Reserve ili itengewe anwani yake ileile, uhifadhi. Zima printa, iwashe tena, utume ukurasa mmoja wa majaribio. Ukitoka, chomoa ule waya wa kompyuta uingie kwa Wi-Fi.