Kosa Moja, Vijana Wawili: Mhadhara Kuhusu Kuwatathmini na Kuwasaidia Vijana Waliovunja Sheria

Mwenyekiti wetu, maafisa ustawi wa jamii, maafisa wa probesheni, walimu na wazazi, nawasalimu. Mmenipa dakika 40 na mada pana. Nitaingilia mlango ninaoufahamu vizuri zaidi, nao ni kosa nililolifanya mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili katika kazi hii waliletwa kwangu wavulana wawili, wote wa miaka 15, waliokamatwa usiku mmoja kwa kuvunja duka moja. Shitaka lilikuwa moja na hati zao zilifanana neno kwa neno. Nikawaandikia mpango mmoja: vikao vya kikundi mara 3 kwa wiki kwa miezi 6, pamoja na vijana wengine wenye kesi. Niliamini nimetenda haki. Wamekosa sawa, basi wapewe sawa.

Wa kwanza alikuwa hajawahi kutoroka shule. Mama yake alijua anatoka saa ngapi na anarudi saa ngapi. Usiku ule aliitwa na wenzake akashindwa kukataa. Wa pili alianza kuiba akiwa na miaka 9, shule aliiacha zamani, na jioni hakukuwa na mtu mzima aliyemngoja. Haya yote sikuyajua wakati ule, kwa kuwa sikuuliza. Vikao vyangu vilimtoa wa kwanza darasani, vikamkalisha na vijana ambao pengine asingekutana nao maishani. Mwezi wa nne akakamatwa tena, safari hii akiwa na wawili aliowajulia kwenye kikundi changu. Na wa pili? Alihudhuria, akanyamaza, akaondoka. Nyumbani kwao hakuna aliyefika.

Kinachoniuma ni kwamba somo hili lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mwaka 1990, watafiti wa Kanada, Don Andrews, James Bonta na Robert Hoge, walieleza kanuni tatu ambazo hadi leo ndizo msingi wa kazi yetu. Ya kwanza ni hatari: wingi wa msaada uendane na uwezekano wa kijana kurudia kosa. Ya pili ni mahitaji: tushughulikie yale yanayomsukuma kwenye uhalifu. Ya tatu ni mwitikio: tumfundishe kwa namna anayoweza kuipokea.

Hapo kwenye neno hatari ndipo wengi tunapojikwaa. Hatari tunayoipima ni uwezekano wa kurudia, na huo ni tofauti na uzito wa kosa. Kijana anaweza kufanya tendo zito mara moja na asirudie tena. Mwingine anaiba vitu vidogo vidogo, kila mtu anampuuza, kumbe ndiye anayezama. Hakimu ana sababu zake za kuutazama uzito wa kosa. Sisi tunaopanga msaada, tukiutazama huo peke yake, tutampa dawa asiyeumwa na kumnyima mgonjwa.

Na dawa hiyo inaweza kudhuru. Kuna utafiti ambao natamani kila afisa mpya ausome kabla hajafungua faili lake la kwanza. Mwaka 1939, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana, wakiwemo waliodhaniwa kuwa njiani kuharibika. Wavulana 506 waligawanywa makundi mawili kwa kurusha sarafu. Kundi moja liliachwa liendelee na maisha yake. La pili lilipewa washauri waliowatembelea nyumbani, masomo ya ziada, matibabu, na kambi za likizo, kwa wastani wa miaka 5. Ni mpango ambao sote hapa tungeupigia makofi. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta watu wale, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1978 yalimsikitisha kila aliyeyasoma. Waliosaidiwa hawakuwa na uhalifu pungufu kuliko wenzao, na katika mambo kadhaa hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba madhara yalijikusanya zaidi kwa waliopelekwa kambini zaidi ya mara moja, na watafiti walidhani ni kwa sababu huko wavulana wenye mwelekeo wa ukorofi walikaa pamoja wakisifiana kwa ukorofi wao.

Jambo jingine halinitoki kichwani. Wengi wa wale waliosaidiwa, walipoulizwa utu uzimani, walisema mradi uliwafaa. Kwa hiyo kijana akikushukuru, ipokee shukrani, lakini usiiweke kwenye ripoti kama ushahidi wa mafanikio.

Nitaje na ile desturi ya kuwapeleka vijana gerezani wakaone wafungwa wakifoka ili waogope. Majaribio yaliyogawa vijana kwa bahati nasibu yamepimwa kwa pamoja, na jibu ni kwamba ziara hizo huongeza uhalifu. Kama ofisi yako bado inazifanya, ziache.

Sasa, kwa nini tathmini iwe na nguvu ya kutuambia tumwache nani na tumshike nani? Kwa sababu vijana wenyewe hawalingani. Marvin Wolfgang na wenzake walifuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia Philadelphia. Waligundua, katika kazi yao ya mwaka 1972, kwamba wavulana 627 tu, kama asilimia 6, ndio waliohusika na zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyoandikishwa. Mwaka 1993 Terrie Moffitt akatofautisha njia mbili. Wako wengi wanaovunja sheria katika miaka ya ujana tu, kisha wakaacha wenyewe kadiri wanavyokomaa. Na wako wachache walioanza utotoni, ambao mambo yao yamefungamana na malezi, hulka na matatizo ya kujifunza, nao ndio wanaoelekea kuendelea. Mvulana wangu wa kwanza alikuwa wa kundi la wengi. Nikamvuta kuelekea la wachache.

Tunawatofautishaje? Kwa macho hatuwezi. Najua ofisini kuna wazee wa kazi wanaosema, "Mimi nikimtazama tu mtoto najua." Nawaheshimu, lakini tangu mwanasaikolojia Paul Meehl alipolinganisha hukumu za wataalamu na makadirio ya hesabu mwaka 1954, utafiti umerudia kuonyesha kwamba hisia pekee hazishindi vipimo vilivyopangwa. Mtoto mpole wa sauti hupata alama nzuri machoni petu, na mwenye kiburi cha woga hupata mbaya. Ndiyo maana kuna zana, yaani fomu za tathmini zinazompa kijana alama ya hatari. Ile iliyoandaliwa na Hoge na Andrews ina vipengele 42 katika maeneo 8: makosa ya nyuma na ya sasa, familia na malezi, shule au kazi, marafiki, ulevi na dawa za kulevya, matumizi ya muda wa mapumziko, hulka na tabia, kisha mitazamo yake kuhusu sheria na watu. Nyingine, inayotumika zaidi kukadiria hatari ya ukatili, ina vipengele 24 vya hatari na 6 vya kinga. Naipenda kwa vile 6. Inakulazimisha kuuliza ni nani anayempenda mtoto huyu, ni kitu gani anakiweza, ni mtu mzima yupi anayemsikiliza. Fomu isiyouliza hayo itakupa orodha ya mabaya, nawe utapanga kana kwamba mtoto ni mabaya matupu.

Lakini zana haijijazi. Zungumza na kijana peke yake, kisha na mzazi, kisha na mwalimu, na pale simulizi zao zinapopishana ndipo pa kukaa kitako. Mama anasema hatoki usiku, mwalimu anasema kila Jumatatu anasinzia. Usikimbilie kuamua nani mwongo. Uliza usiku wa Jumapili nyumbani pana nini. Huenda ukakuta hapalaliki kwa ugomvi. Uliza pia kuhusu kupigwa, kubakwa, kufiwa, sauti anazozisikia, mawazo ya kujiua. Mengi ya hayo huenda yasimo katika hesabu ya kurudia kosa, ila mtoto anayetaka kufa ashughulikiwe leo, kabla ya fomu nyingine yoyote.

Na kabla hujamuuliza lolote, mwambie maneno yake yatakwenda wapi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 40, unamhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kisheria, na unakataza kumlazimisha kutoa ushahidi au kukiri. Ikiwa kesi bado inasikilizwa, tathmini yako isigeuzwe kuwa mlango wa nyuma wa kupata ungamo. Nimeona ikitokea. Mtoto alimfungukia mtu aliyemwamini, na maneno yale yakasomwa mbele yake mahakamani. Hakumfungukia mtu mwingine tena.

Kuna tahadhari ninayotaka iwakae moyoni. Zana nyingi huhesabu mara ambazo kijana amekamatwa. Polisi wakishinda mtaa mmoja na kuupita mwingine, watoto wa mtaa ule watapata alama kubwa kwa makosa yale yale. Alama hiyo inapima mtoto, na inapima doria pia. Kwa hiyo mwongozo mzuri unakuruhusu kutofautiana na alama, kwa sharti uandike sababu ambazo mwenzako anaweza kuzisoma na kuzihoji.

Alama nayo haina kazi kama haibadilishi mpango. Hili ndilo gonjwa la ofisi nyingi nilizopitia: tathmini imejazwa vizuri, imepigwa mhuri, kisha mpango unaofuata ni ule ule wa kila mtoto. Chagua mambo mawili au matatu yanayoweza kubadilika. Umri aliokamatwa mara ya kwanza hauwezi kuubadilisha, lakini marafiki, shule, usimamizi wa nyumbani, na jinsi anavyofikiri hasira inapompanda, hayo yanashikika. Kumwambia tu ajithamini hakumpunguzii uhalifu.

Mark Lipsey alikusanya matokeo ya sampuli 548 za tafiti na kuyachapisha mwaka 2009. Programu zilizojengwa juu ya kufundisha stadi, ushauri na kurekebisha mahusiano zilipunguza kurudia makosa. Zilizojengwa juu ya nidhamu ya kijeshi na vitisho hazikufanya hivyo. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa vijana wenye hatari kubwa, na ubora wa utekelezaji ulikuwa na uzito wake. Kijana asiyejua kusoma usimpe daftari la mazoezi. Mwigizie, muigize pamoja, arudie mpaka aweze. Huo ndio mwitikio.

Kwa wale wachache wenye hatari kubwa, nenda nyumbani kwao. Tiba ya mifumo mingi aliyoiasisi Scott Henggeler, inayomshughulikia kijana pamoja na familia, shule na marafiki zake, humpa mtaalamu familia chache tu, apatikane saa zote, afanye kazi nao sebuleni kwao kwa miezi 3 hadi 5. Kule Marekani ilikoanzia ilionyesha mafanikio makubwa. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018 halikuona kwamba ilizidi huduma za kawaida zilizokuwapo. Mimi nasoma hapo kwamba jina la programu halibebi matokeo, na kwamba inategemea pia kijana angepata nini kama isingekuwapo.

Kuhusu kumfungia nitasema kwa ufupi. Kifungu cha 37 cha Mkataba kinataka iwe hatua ya mwisho na kwa muda mfupi kadiri inavyofaa. Nchini Marekani vijana 1,354 waliopatikana na makosa mazito walifuatiliwa kwa miaka 7, na kukaa kizuizini muda mrefu zaidi hakukupunguza kukamatwa tena. Wako wachache ambao kwa sasa ni lazima wazuiwe ili wengine wawe salama. Hata hao, siku ya kutoka ipangwe tangu siku ya kuingia.

Mama pale mbele ameuliza, na aliyevunjiwa duka? Swali lako lina haki, mama. Sheria ya New Zealand ya mwaka 1989 iliweka vikao vya familia ambapo aliyekosewa hualikwa akae na kijana na ndugu zake, aseme alichopoteza, na wakubaliane namna ya kufidia. Katika kesi yangu mwenye duka hatukumwita kabisa. Hakuombwa radhi na mtu yeyote.

Na ndugu aliyeandika kwenye kikaratasi kwamba ana mafaili 80 na hana gari, nimekusoma. Sikuombi uongeze saa. Katika hayo 80, wengi wanahitaji kikao kimoja na mzazi, msamaha, fidia wanayoiweza, kisha faili lifungwe warudi shule. Funga bila woga. Saa utakazozipata wape wale 6 au 7 ambao tathmini imekuonyesha, uwaone kila wiki, uwatathmini upya baada ya miezi 6. Nilipiga hesabu baadaye: mpaka anakamatwa tena, yule mvulana wangu wa kwanza nilikuwa nimempa vikao karibu 48. Vilikuwa vya mwenzake.